Shangazi Anajibu: Bahari ya Saa Moja na Robo

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani na nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Mtwara. Kila siku saa moja na robo asubuhi niko kwenye daladala. Jioni narudi, napika, nalala. Jumapili nafua. Wenzangu wanatuma picha za Zanzibar na Ngorongoro, mimi hata ufukwe wa Msimbati sijafika. Hela ya safari haipo, na baba watoto anasema mtu mzima hachezi. Nina miaka 34 na naona siku zangu zote ni siku moja. Nifanyeje?
Mama Wawili, Mikindani

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale uliposema saa moja na robo. Tuanzie hapo hapo.

Daladala yako ikitoka Mikindani inaambaa na ghuba. Sasa niambie, leo asubuhi maji yalikuwa wapi? Yalikuwa yamefunika mizizi ya mikoko, au yalikuwa mbali huko na ndege wanatembea kwenye tope? Na wiki iliyopita je?

Nakuuliza kwa sababu bahari inafuata mwezi, haifuati saa ya ukutani. Kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Dakika 50 kwa siku saba zinakaribia saa sita, na huo ndio muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa. Maana yake ni hii: ukipita pale Jumatatu hii ukakuta maji yamejaa, Jumatatu ijayo, saa ile ile, utakuta yamepwa. Kwa wiki mbili, kiti kile kile cha daladala kitakuwa kimekuonyesha bahari ya kila namna. Mtu anayepita leo asubuhi, kesho mchana, keshokutwa jioni, hawezi kuyafuatilia haya kama wewe. Saa moja na robo unayoiona kifungo ndiyo kipimo chako.

Nunua daftari dogo. Chagua alama moja usiyoibadilisha, labda mtumbwi unaofungwa mahali pamoja, labda mkoko uliosimama peke yake. Kila asubuhi andika mstari mmoja: maji yamefika wapi. Chini yake andika unavyodhani yatakuwa kesho. Na usiku tazama mwezi ukoje, uandike pia. Siku utakayopatia bila kubahatisha utanielewa.

Nakuambia jambo nililolipitia mwenyewe. Nimezaliwa Newala, juu ya uwanda, enzi ambazo maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa kichwani. Kwangu maji yalikuwa ndoo. Nilipoletwa Mtwara mwaka 1984 kufanya kazi ya ukunga, bahari niliipa mgongo miaka kumi na moja. Nilikwenda kazini, nikarudi Chikongola, nikalala. Nilikuwa kama wewe kabisa, ila mimi sikumwandikia mtu.

Siku moja mama mmoja wa Msangamkuu niliyemzalisha aliniletea pweza kwa shukrani. Nikamuuliza amempata wapi. Akasema, "Dada nesi, njoo keshokutwa uone mwenyewe, ni bamvua." Sikujua bamvua ni nini. Nilivuka kwenda ng'ambo, nikamkuta na wenzake wameshafunga khanga viunoni, wana fimbo za chuma zenye ncha. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Bahari niliyoizoea haikuwepo! Ilikuwa imeondoka, imeacha mwamba mtupu, vidimbwi na majani, mpaka mbali. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogea kidogo tu.

Wakanifundisha mlango wa pweza. Pweza akila chaza na kaa hutupa makombe nje, kwa hiyo ukiona shimo lina takataka safi mlangoni, mwenyewe yumo. Nilitazama mashimo asubuhi nzima kwa macho ya mtoto. Nilikuwa na miaka 37. Sikushika pweza hata mmoja, na nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Sasa sikia na upande wa pili, kwa sababu sitaki uumie. Mara ya pili nilikwenda peke yangu bila kuuliza saa ya maji kurudi. Nikaangalia mbele tu. Maji hayakuja kwa mbele, yalipita nyuma yangu kwenye mkondo, na nilipogeuka kati yangu na ufuko palikuwa na maji. Yalinifika kiunoni. Mvuvi mwenye mtumbwi ndiye aliyenitoa. Kwa hiyo ukitaka kushuka mwambani, nenda na wenyeji, vaa viatu vya plastiki kwa ajili ya wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi, na uulize maji yanageuka saa ngapi. Wakianza kurudi, rudi nao.

Baba watoto usibishane naye. Bao linachezwa na watu wazima barazani kila jioni, naye analijua hilo. Mpe daftari, mwambie abahatishe maji ya kesho. Mwanamume wa pwani hatakubali kushindwa na mkewe siku tatu mfululizo.

Na Jumapili moja nguo zisubiri hadi jioni. Tembeeni Mikindani kwenu. Waacheni watoto wachague kichochoro, nyinyi mfuate. Mtapita Boma la Wajerumani, la mwaka 1895. Waambie kwamba mwaka 1866 Livingstone alianzia safari yake ya mwisho kwenye ghuba hii, na kwamba Chuma na Susi waliotoka naye hapa ndio walioongoza kuubeba mwili wake kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi Bagamoyo. Wanao wanacheza kila siku mahali miguu hiyo ilipoanzia. Mimi nilizeeka kabla ya kuambiwa.

Msimbati utafika, mchanga wake ni mzuri kweli. Lakini nadhani daftari litajaa kwanza.

*

Shangazi, mimi ni mwanafunzi, niko Lindi mjini. Nataka kwenda Tendaguru kuona yalipotoka mifupa ya dinosaria, lakini sina usafiri wala mwenzangu wa kwenda naye. Nikodi bodaboda niende tu?
Kijana wa Lindi

Hapana, mwanangu, si peke yako kwa bodaboda, na si kwa sasa. Ni porini, na ukifika bila mtu anayepajua utaona kilima na nyasi. Mifupa ilichimbwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 ikapelekwa Berlin, na mmoja wa wanyama wale amesimamishwa kwenye makumbusho huko, urefu wake kwenda juu unapita mita 13.

Lakini jiulize ilifikaje bandarini. Hapakuwa na barabara ya gari. Ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka Lindi, hapo hapo mjini kwako. Walikuwa mamia ya watu wa huku kwetu, wachimbaji na wapagazi, na majina yao mengi hayakuandikwa popote. Hao wana vitukuu, na baadhi yao bila shaka unakutana nao sokoni.

Kwa hiyo anza na swali, usianze na bodaboda. Vuka kwenda Kitunda, kaa na wazee, kisha pita kwa bibi na babu zako, uliza nani katika ukoo aliwahi kusikia habari za kubeba mifupa ya Wajerumani. Chukua peremende na subira. Ukipata hata jina moja, niandikie hilo jina na umelipata kwa nani.