Unaweza kusali na bado ukaikubali sayansi

Nafundisha baiolojia, na Jumapili naimba kwaya. Wanafunzi wangu wanajua yote mawili, ndiyo maana kila tukifika kwenye mada ya mageuko ya viumbe darasa hutulia ghafla, kisha mmoja wao, aghalabu yule mcha Mungu kuliko wenzake, hunyoosha mkono: "Mwalimu, kwani wewe mwenyewe unayaamini haya?"

Nawajibu kwamba ndiyo. Namwamini Mungu Muumba, na nakubali kwamba dunia ina umri wa miaka ipatayo bilioni 4.5 na kwamba viumbe wamekuwa wakibadilika kizazi hata kizazi. Vijana wengi wanaohangaika hawahangaishwi na sayansi yenyewe. Wameambiwa wachague. Kwenye ibada wanasikia kwamba anayekubali mageuko amemkana Mungu, na mtandaoni wanasikia kwamba mwenye akili timamu hawezi kuamini. Nakusihi, usikubali kusukumwa kwenye uchaguzi huo.

Jihadhari kwanza na hoja hii: "Sayansi imeshindwa kulieleza jambo hili, kwa hiyo ni Mungu." Inasikika kama utetezi wa imani, lakini inaipokonya imani ardhi kidogo kidogo. Isaac Newton, muumini wa dhati, alidhani Mungu hulazimika kuingilia kati ili kurekebisha mwendo wa sayari. Baadaye Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, alipiga hesabu akaonyesha kuwa hitilafu kubwa za mwendo huo zilizowatia watu wasiwasi hujirudia kwa mizunguko na kujisawazisha zenyewe. Kama ulimwamini Mungu kwa sababu ya hitilafu zile tu, siku hiyo ungebaki na nini? Mimi namshukuru Mungu kwa yale tunayoyaelewa pia, mvua ikiwemo, ingawa najua fika inavyotokea.

Kosa la upande wa pili ni kuiburuta sayansi ije kuitolea dini ushahidi. Hapa napenda kuwasimulia wanafunzi habari za Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki na mwanafizikia kutoka Ubelgiji. Mwaka 1927 alichapisha hoja kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kama kitu kimoja kidogo kilichosongamana mno. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia wanasayansi na kuzungumza kana kwamba nadharia hiyo imethibitisha uumbaji. Ungetegemea padri afurahi. Hakufurahi hata kidogo. Kwake, nadharia ile ilikuwa nje ya suala la kuwepo kwa Mungu, na ilipaswa kubaki huru kupimwa, hata kukosolewa. Mwaka uliofuata, Papa alipozungumza na wanafalaki waliokutana Roma, hakulirudia dai lile.

Kwa hiyo ukiletewa ujumbe usemao kwamba sayansi imethibitisha aya fulani, jiulize kabla ya kuusambaza: nadharia hiyo ikirekebishwa kesho, aya nayo itakuwa imekosea?

Ila penye kuniuma zaidi ni kwenye ugonjwa, kwa sababu huko watu wanakufa. Shangazi yangu alikuwa na presha. Mhubiri mmoja akamwambia amepona, na kwamba kuendelea kumeza dawa ni kukosa imani. Akaacha. Alijisikia vizuri kabisa, na huo ndio mtego wa presha: inaweza kupanda bila kukuonyesha dalili yoyote. Alipopatwa na kiharusi tulikuta vidonge vya miezi kadhaa kwenye droo, pakiti hazijafunguliwa. Sasa anaongea kwa shida, neno moja moja, na bado anasali kila jioni. Anameza dawa zake kwanza.

Ukiambiwa umepona, nenda kapime. Kama umepona kweli, kipimo hakitakukanusha, na daktari ndiye atakayekupunguzia dozi. Luka aliyeandika habari za Yesu anaitwa tabibu katika Biblia, na Waislamu wana hadithi ya Mtume kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa yake. Anayekutaka uchague kati ya sala na tiba hazungumzi kwa niaba ya dini yako.

Yapo yanayobaki magumu, siwezi kuyafunika. Sayansi hushughulika na yanayoweza kupimwa na kuchunguzwa tena, na ufufuko wa Kristo ninaouamini haumo humo. Habari za Adamu nazo zinahitaji kusomwa kwa utulivu, na waumini wenye elimu wanatofautiana juu yake.

Mzazi, mwanao akija na maswali ya namna hii, usimkemee, wala usimwambie mwalimu wake ni mpagani. Kaa naye msome vyote viwili, kitabu cha shule na Maandiko. Mkifika kwenye sura ya urithi wa tabia, mwambie kwamba Gregor Mendel, aliyepanda njegere akagundua kanuni zake na kuzichapisha mwaka 1866, alikuwa mtawa, na njegere zile alizipanda kwenye bustani ya monasteri.