Babu yangu alikuwa manamba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kijana wa leo ana haja ya kujua ukoo wake ulikotoka?" Jibu ninalo, ila swali lenyewe limewafaa zaidi wenye ukoo ulioandikwa. Hapa Tanga kuna nyumba ambazo mtoto wa darasa la tano anakutajia mababu saba bila kukwama. Kuna na koo za watemi, ambazo hata Mwingereza aliziandika. Sisi wajukuu wa manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, anayetuuliza tulikotoka ni karani aliyeshika fomu ya kitambulisho. Anataka kijiji alichozaliwa babu mzaa baba, na ukisita kidogo tu anakutazama kama umevuka mpaka jana usiku. Nimeketi mbele ya meza ya namna hiyo, na ndiyo maana nimeshindwa kulipita swali lenu.

Babu alikuja kukata mkonge enzi za Mwingereza. Aliandikishwa na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 kukusanya vibarua wa mbali: Waha, Wabena, Wangoni na wengine wengi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kwao Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, fedha ilikuwa haionekani. Akapanda treni ya Reli ya Kati, kisha lori, kwani kabla ya 1963 reli hiyo ilikuwa haijaungana na ya Tanga. Mkataba ulipokwisha wenzake wengine walirudi kwao. Yeye akalowea Korogwe, akaoa, akasilimu, akazikwa hapo hapo.

Nilikuwa na jibu moja tu kichwani: ndiyo, kila kijana afunge safari akaitafute asili yake, mwacha mila ni mtumwa. Mimi mwenyewe nilifunga hiyo safari. Ila asikudanganye mtu kwamba njia iko wazi. Jina la tatu kwenye vyeti vyetu si la ukoo, ni la mahali babu alipopakiwa kwenye lori. Na hata angeandikwa jina lake halisi lisingetufikisha mbali, kwa sababu Waha wa zamani hawakurithishana jina la baba. Ndugu watatu wa tumbo moja walikuwa na majina matatu yasiyofanana. Isitoshe, mwaka 1972 ilipita Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa kutoka vilimani wakapangwa kwenye vijiji vipya. Kasulu nilionyeshwa kilima chenye miembe mikongwe na vichaka. Walikokwenda wenye miembe hiyo, kila niliyemuuliza alinielekeza upande wake.

Linaloniuma zaidi ni hili. Miche ya kwanza ya mkonge iliyofika hai nchini mwaka 1893 tunaijua idadi yake, 62, na aliyeiagiza, Dk. Richard Hindorf, jina lake limo vitabuni. Waliokata mkonge huo kwa miaka sabini na zaidi wamebaki kuwa jumla kwenye ripoti za Idara ya Kazi.

Basi nikageuka, nikawatafuta waliofanya kazi naye. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayeishi bado kambini, zamani mkataji, baadaye karani wa mahudhurio. Nilimkuta barazani anasokota kamba ya singa juu ya paja. Shikamoo, marahaba, wewe wa nani? Nikataja jina la tatu. Akatikisa kichwa: walioshuka lori lile waliandikwa hivyo karibu wote. Nikasema alikuwa mkataji. Wakataji walikuwa mamia. Nikamwambia alikuwa hana ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Mzee akaacha kusokota.

"Yule wa mabunda."

Kisha akanionyesha kwa mikono, maana macho yamemwishia. Jani linakatwa chini karibu na shina, mwiba wa ncha unaondolewa, yanapangwa majani 30, bunda linafungwa kwa ukanda wa jani lenyewe. Utomvu unatiririka mpaka kwenye viwiko na unawasha mpaka usiku. Wapo waliokuwa wanachomeka majani pungufu katikati ili wawahi kivulini. Nyapara alikuwa anachagua bunda moja analifumua. Akikuta 27, siku nzima haiandikwi. Na siku isiyoandikwa ina maana kipande hakisogei, kadi ile ya siku 30 za kazi ambayo isipojaa mshahara hautoki. Babu, anasema mzee, nyapara alifika mahali akaacha kumfumulia. Babu akimaliza kazi yake alikuwa anarudi nyuma kumkatia Mbena mmoja aliyekuwa na homa zisizokwisha, ili kipande cha Mbena kisife. Mbena huyo ndiye aliyekuja kumwingiza babu kaburini. Mzee alinieleza walivyolala wanne chumba kimoja, nani alipika ugali wa posho zamu gani, nani alikuwa anakoroma. Alinieleza babu alivyogoma kula siku tatu aliposikia mama yake amefariki, habari iliyomfikia baada ya miezi, mdomoni mwa kibarua mgeni. Sikujua kwamba babu alipata habari hiyo. Baba naye hakujua. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri na sikutaka kuondoka.

Mwisho nikauliza lililonipeleka: kijiji chao kiliitwaje?

"Hilo hatukuulizana," akasema. "Aliyetoka Urundi alijiita Muha, mradi apande lori. Aliyekimbia kesi alitoa jina la mjomba wake. Ukimchimba sana mtu, anahama shamba."

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama nina haki ya kuchimba alichokifukia babu kwa makusudi. Aliwalea watoto sita bila kuwatajia kijiji, na hakuwa mtu wa kusahau. Na nikikipata, kikiwa ng'ambo ya mpaka, Burundi, nitamwandikia yule karani nini? Mpaka wenyewe aliuchora Mzungu, na ndugu wa kilima kimoja wakajikuta huyu wa Mbelgiji, huyu wa Mwingereza.

Kwa hiyo jibu langu si lile nililoanza nalo. Kijana mjukuu wa manamba nisingemwambia afunge safari ya kwenda kutafuta kijiji. Ningemwambia aende kambini kwanza, kwa wazee waliobaki wa korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, na wa brashi ya kusafishia singa, aulize babu yake alikuwa mtu wa namna gani kazini na alizikwa na akina nani. Wazee hao wanaondoka kila mwaka. Mahali pa asili kwenye fomu, binti yangu nimemwambia aandike Korogwe, na akiulizwa zaidi ajibu kwamba babu mkuu wake alikata mkonge hapo.

Simkatazi mtu. Mwenye shangazi aliye hai Kasulu, au jina kamili la baba wa babu, aende, na aende upesi. Wenye shamba la urithi au hofu ya kuoana ndugu kwa ndugu wana sababu zao, na hapo kijiji kina uzito ambao mimi sina namna ya kuupima. Na nikisikia kesho kuna mzee Buha anayemkumbuka kijana aliyepanda lori akiwa na kidole kisicho na ncha, sidhani kama nitaweza kukaa nyumbani.

Msomaji wenu, Korogwe