Barua kwa mwanangu: hiyo pochi iliyomo kabatini kwako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani unanitania. Umeokota pochi kwenye benchi la kituo cha mabasi. Ndani mna noti zilizokunjwa, funguo mbili kwenye pete moja, na hereni isiyo na mwenzake. Jina hakuna, kitambulisho hakuna, namba ya simu hakuna. Wiki ya pili sasa imekaa kabatini kwako. Mwenzako mnayeishi naye anasema kuokota si kuiba, mgawane yaishe. Wewe unasema ukiipeleka ofisi ya kituo, yule wa dirishani ataila, basi heri uile wewe uliyeiona kwanza. Ukamalizia hivi: "Mama, na kama ningepita nikaiacha palepale, ningekuwa na kosa?"

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lililobeba mengine.

Kwa maoni yangu usingekuwa na kosa kubwa. Binadamu hadaiwi kila kitu ambacho macho yake yamekiona njiani. Lakini uliinama ukaiokota, na tangu hapo hesabu ikabadilika. Mtu akigundua amepoteza kitu, la kwanza kulifanya ni kurudi alikopita: pale alipokaa, pale alipolipa nauli, pale aliposimama kuongea na simu. Huyu naye bila shaka alirudi, akakuta benchi tupu. Njia iliyokuwa rahisi kwake kuliko zote umeifunga wewe, hata kama uliifunga kwa nia njema. Basi ni juu yako kumfungulia nyingine. Jibu langu ni hilo, na yanayofuata ni namna ya kulitekeleza.

Najua utaniuliza: kwa hiyo afadhali nisingeigusa? Suala hilo limeulizwa zamani sana. Katika hadithi aliyoipokea Zayd bin Khalid al-Juhani, iliyomo kwenye vitabu vya hadithi za Mtume vya Bukhari na Muslim, mtu alimwuliza Mtume kuhusu kitu cha kuokota. Akaambiwa akitambue vizuri kifuko chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mzima. Akauliza, na kondoo aliyepotea? Huyo ni wako, au wa ndugu yako, au wa mbwa mwitu. Na ngamia? Hapo Mtume alikasirika hata uso ukawiva. Una nini na ngamia? Ana maji yake tumboni na kwato zake miguuni, atakunywa na kula majani ya miti mpaka mwenyewe amkute.

Mimi hupenda sana tofauti hiyo. Ngamia anaachwa kwa sababu kumchukua ndiko kunakompoteza zaidi. Kondoo anachukuliwa kwa sababu akiachwa ataliwa. Pochi yenye noti, juu ya benchi, kituo kimejaa watu: huyo ni kondoo. Ulifanya vizuri kuichukua. Ila kofia ya mtoto iliyoanguka njiani ni ngamia. Itundike juu ya ua hapohapo, mama yake atarudi kuitafuta. Ukiibeba kwenda nayo kwako eti uitangaze, umemtesa bure.

Torati kwa kweli ni kali kunizidi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, hairuhusu mtu ajifanye hajaona: ng'ombe, kondoo, punda au vazi la mwenzako likipotea, unalichukua na kulitunza mpaka alitafute. Na Kutoka 23:4 inaongeza kwamba hata mwenye ng'ombe akiwa adui yako, unamrudishia. Nakuachia upime mwenyewe kama mimi nimelegeza mno.

Sasa tuje kwa yule wa dirishani, maana hapo ndipo umejificha. Woga wako nauelewa, na kuna watu waliokwenda kuupima. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Alain Cohn na wenzake watatu. Walikabidhi pochi zaidi ya 17,000 katika miji 355 ya nchi 40. Mtu aliingia benki, hotelini, posta, polisi au sehemu nyingine yenye kaunta, akamwambia aliyekuwepo kwamba ameiokota nje, ana haraka, tafadhali ishughulikie, kisha akaondoka. Pochi zilikuwa za kuona ndani: kadi zenye jina na barua pepe ya mwenyewe, karatasi ya vitu vya kununua, ufunguo. Nyingine zilikuwa na pesa, nyingine hazikuwa nazo. Kilichohesabiwa ni wangapi watamwandikia mwenyewe.

Pochi zisizo na pesa, asilimia 40 ya waliopewa waliandika. Zenye pesa, asilimia 51. Ndiyo, umesoma sawasawa: pesa ziliongeza uaminifu, na hali ilikuwa hivyo katika nchi 38 kati ya 40. Huko Marekani, Uingereza na Polandi watafiti waliongeza pesa zile mara saba, waliojitokeza wakafika asilimia 72. Hata wachumi walioulizwa watabiri walishindwa kuliona hilo. Maelezo ya watafiti ni kwamba kadiri pesa zinavyozidi, ndivyo mtu anavyojihisi mwizi akinyamaza. Pochi tupu inasahauliwa kwenye droo bila mtu kujilaumu. Na pale walipolinganisha pochi zenye ufunguo na zisizo nao, zenye ufunguo zilirudi zaidi, ingawa ufunguo haumfaidii aliyeukuta kwa lolote. Watu walimfikiria yule aliyefungiwa nje.

Lakini sitaki kukudanganya kwa namba nzuri. Asilimia 51 maana yake karibu nusu walikaa kimya. Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Usichokiona ni jinsi zile pochi zilivyokabidhiwa: mtu alitupa maneno mawili akatoweka, hakuacha jina, hakuna kilichoandikwa, hakuna atakayerudi kuuliza. Hivyo ndivyo usivyotakiwa kufanya wewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nenda dirishani, omba daftari la vitu vilivyookotwa. Hesabuni noti pamoja, aandike jumla, funguo mbili, hereni moja, tarehe, jina lake na lako. Chukua risiti, au piga picha ule ukurasa. Mwambie utapita tena kuulizia, kisha upite kweli. Mtu anayejua ataulizwa hulinda kitu hata kama si malaika. Ikiwa kituo hakina daftari wala mtu anayekubali kuandika, nenda polisi. Polisi nao wakikuzungusha, kaa nayo wewe na uache namba yako ya simu pale kituoni kwa maandishi. Kukaa nayo si kosa, mradi mtu anayeitafuta ana njia ya kukufikia. Kosa ni kabati lisilojulikana na mtu.

Ukitangaza, usiwe msema-yote. Nimeona matangazo mtandaoni yenye picha ya pochi, pesa zimetandazwa mezani, chini yake "mwenyewe ajitokeze". Watajitokeza wengi! Andika kwamba imeokotwa pochi kituoni, taja siku, basi. Rangi usiseme, hereni usiitaje kabisa. Ule ushauri wa kukitambua kifuko na kamba yake ulikuwa na maana hii hasa: wewe ushike alama ambazo aliyekipoteza kweli atakuambia bila kuulizwa mara mbili. Na hapa una bahati. Noti hazina mwenyewe wa kumtambua, zinafanana zote. Lakini mwenye hereni ile anayo pacha yake nyumbani, na mwenye funguo anao mlango unaofunguka. Akija mtu akahangaika kutaja kiasi cha pesa, usimkatie tamaa; ni wangapi wanaojua idadi kamili ya noti zao? Mwulize kuhusu vile vitu ambavyo havina thamani kwako.

Huyo mwenzako mpe salamu zangu, umwambie maneno yake yana ukweli nusu. Mwaka 1722 huko Uingereza, kijana aliyekuwa akifagia mabomba ya moshi aliokota kipambo chenye vito, akakipeleka kwa sonara ajue thamani yake. Mwanagenzi wa sonara akavitoa vile vito na kumrudishia kipambo kitupu. Kesi ilipofika mahakamani, ikajulikana mpaka leo kama Armory dhidi ya Delamirie, iliamuliwa kwamba aliyeokota ana haki juu ya kitu kile mbele ya kila mtu isipokuwa mwenyewe wa kweli. Kwa hiyo uokotaji unakupa haki, tena ya kisheria. Inatosha kumzuia mwenzako asidai nusu, inatosha hata kumdai wa dirishani akiila. Haitoshi kumzuia yule mwanamke mwenye hereni. Nimesema mwanamke, huenda ni mwanaume aliyekuwa akimpelekea fundi hereni ya mkewe, sijui.

Muda gani? Sheria zinapishana sana, na ya huko uliko ndiyo ya kufuata, basi iulize unapokabidhi. Japani wanasubiri miezi mitatu, Ujerumani miezi sita, na ile hadithi inasema mwaka. Muda ukiisha na mwenyewe hajaonekana, aliyeokota huruhusiwa kukichukua, na mimi sioni aibu yoyote ndani yake. Kuna watu wanaotaka uwe mtakatifu hadi kiama juu ya noti za mtu asiyejulikana, sikubaliani nao. Utazitumia au utazitoa sadaka, hiari yako. Andika tu mahali kiasi kilichokuwamo, kwa sababu kwa wanazuoni wengi mwenyewe akitokea hata baadaye bado ana haki ya kukudai. Na lazima uwe umetafuta kwanza. Siku ulizoificha kabatini usizihesabu.

Kwa simu na vitambulisho hata usingoje. Japani wenyewe, pamoja na ukarimu wao kwa waokotaji, hawamruhusu mtu kumiliki simu au kadi iliyookotwa hata miezi mitatu ikipita, kwa kuwa ndani yake mna maisha ya mtu. Hiyo ni haki kabisa.

Umegusia pia kisa cha rafiki yako aliyeingiziwa pesa kimakosa kwenye akaunti, akasema naye "ameokota". Hajaokota kitu. Aliyezituma ana kumbukumbu, benki ina kumbukumbu, hakuna cha kutangaza wala kusubiri. Azirudishe, lakini kupitia benki au kampuni iliyozipitisha, asimtumie moja kwa moja mtu aliyempigia simu akilia. Wezi wamejifunza kulia vizuri.

Mwisho, zawadi. Kama mwenyewe akitoa kwa moyo wake, pokea ushukuru, usilete unafiki wa kukataa mara tatu. Kuna nchi ambako ni haki yako: Japani kati ya asilimia 5 na 20, Ujerumani asilimia 5 ya thamani hadi yuro 500 na asilimia 3 ya kinachozidi hapo. Lakini usimtajie bei kabla hujamkabidhi. Ukishika pochi mkono mmoja na mkono mwingine umeukunjua, hiyo si pochi iliyookotwa tena, ni mateka.

Kuna jambo hukuniambia nami nimeliona: hukusema kama zile noti bado zimetimia. Ikiwa kuna iliyopungua katikati ya mwezi, irudishie kabla ya kwenda kuhesabu mbele ya watu. Sikuulizi, usinijibu.

Nenda kesho asubuhi kabla ya kazi. Nauli ya kwenda na kurudi, na gharama ya tangazo kama itakuwepo, unaweza kumdai mwenyewe akipatikana. Sheria nyingi zinakubali na mimi naona ni haki. Muda uliopoteza kubishana na mwenzako kuhusu mgawanyo, huo usimdai.

Mama yako