Dadu Haikaripiki

Kwa miaka mingi niliamua mambo yangu kwa methali. Nikitaka kuahirisha jambo, nilisema haraka haraka haina baraka. Nikitaka kulivamia, nilisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni kweli, na hapo ndipo palipokuwa na shida: methali ilikuja nikiwa nimeshaamua, kama shahidi wa kukodi. Haikuwahi kunizuia hata mara moja.

Siku hizi natafuta kanuni ya namna nyingine, ile inayonieleza mambo yanavyokwenda hata nisipoyagusa, na inayoweza kunikatalia nikiwa na hamu kubwa ya kukubaliwa. Ninazo chache. Moja ilinigharimu zaidi ya zote, kwa hiyo nitaisema kwa kirefu.

Niliwahi kusimamia wauzaji 11. Kila mwisho wa mwezi, aliyeshika mkia nilimwita pembeni nikamkaripia. Aliyeongoza nilimsifu mbele ya wenzake. Mwezi uliofuata, aliyekaripiwa alikuwa amepanda na aliyesifiwa ameshuka. Si mara moja wala mbili. Nikahitimisha kwamba sifa hulevya na ukali hujenga, nikaacha kusifu. Nikikumbuka leo naona haya, maana wapo waliojituma mwaka mzima bila kusikia ahsante kutoka kwangu.

Aliyenifumbua macho ni Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Alipokuwa akizungumza na wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli, mmoja wao alimpinga kwa hoja ileile niliyokuwa nayo: mwanafunzi akiruka vizuri nikamsifu, safari ijayo anaboronga, akiboronga nikamfokea, safari ijayo anaruka vizuri. Kahneman hakubishana naye. Alichora shabaha sakafuni kwa chaki, akawataka wakufunzi waipe mgongo na kila mmoja arushe sarafu mbili bila kuona. Wengi wa waliokaribia shabaha kwa sarafu ya kwanza walikwenda mbali kwa ya pili, na wengi wa waliokosa vibaya wakasogea karibu. Hakuna aliyesifiwa, hakuna aliyefokewa.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, chukua dadu. Ikitoa 1, ifokee kwa sauti kisha uirushe tena: nafasi 5 kati ya 6 zitakuonyesha kwamba imejirekebisha. Ikitoa 6, ipongeze: nafasi 5 kati ya 6 itakuangusha. Mauzo ya mwezi mmoja, alama za mtihani mmoja, usingizi wa usiku mmoja, vyote vina sehemu ya uwezo na sehemu ya bahati. Anayefika kileleni au chini kabisa, mara nyingi ni kwamba bahati nayo ilisukuma upande huohuo. Uwezo wake atakuja nao mwezi ujao. Bahati haina ahadi hiyo, basi anarudi karibu na kiwango chake cha kawaida. Francis Galton alilionyesha hili mwaka 1886 kwa vimo vya watu: wazazi warefu kupita kiasi walikuwa na watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wao.

Ukishaliona hili utaanza kuliona kila mahali, na baadhi ya utakayoyaona yatakuudhi. Watu hutafuta dawa siku maumivu yalipofika kilele, kwa hiyo dawa hata ikiwa maji matupu itaonekana imefanya kazi. Timu humfukuza kocha katikati ya mfululizo wa vipigo, kisha kocha mpya anasifiwa kwa ushindi ambao huenda ungekuja vilevile. Mimi mwenyewe nimebadilisha ratiba zangu za kazi mara nyingi baada ya wiki moja mbaya, na kila ratiba mpya ilionekana bora kuliko iliyotangulia. Kwa wiki moja hivi.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua hatua najiuliza: nisipofanya lolote, jambo hili litaelekea wapi? Ni swali rahisi kulitamka, gumu kulijibu ukiwa na hasira.

Kanuni ya pili ni ya muda. Niliwahi kuahidi mwongozo wa kazi kwa wiki 6; ulichukua miezi 7. Sikuwa mvivu. Nilipiga hesabu ya kurasa, nikaiona kazi kutoka ndani, hatua kwa hatua, na kila hatua ilionekana nyepesi. Kosa hilo halimbagui msomi. Kahneman huyohuyo aliwahi kuwa katika kikundi kilichoandika kitabu cha kufundisha wanafunzi wa sekondari namna ya kufanya uamuzi. Kila mmoja alikadiria kama miaka 2. Kisha mwenzao mmoja mzoefu akaulizwa vikundi vingine vya aina hiyo vilichukua muda gani. Akakiri kwamba karibu asilimia 40 havikumaliza kabisa, na vilivyomaliza vilichukua miaka 7 au zaidi. Wakasikia, wakaendelea na kazi kama kwamba hawakusikia. Kiliwachukua miaka 8, na kitabu hakikutumika kamwe. Mimi sasa naanza na wengine: kazi kama hii imewachukua watu muda gani? Hapo ndipo naruhusiwa kueleza kwa nini mimi ni tofauti, na mara nyingi nakosa la kusema.

Ya tatu ni fupi. Matokeo huchelewa. Ukifungua maji ya moto bafuni yakawa bado baridi, ukazidi kufungua, yakija yatakuunguza. Nikibadilisha jambo, najiuliza kwanza badiliko litachukua muda gani kuonekana, halafu nakaza mikono mfukoni mpaka muda huo upite.

Lakini nisikudanganye kwamba ukishajua kanuni umeokoka. Katika wale 11 alikuwepo mmoja aliyeshuka mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi, fundi mpya wa mambo ya wastani, nikawaambia wenzangu atarudi tu. Hakurudi. Alikuwa na mgonjwa nyumbani, halali usiku, na mtu angemuuliza siku ya kwanza angesema. Nilikuwa nimeifanya kanuni kuwa shahidi wa kukodi, kama zile methali. Bahati hupanda na kushuka. Jambo likishuka mfululizo, likavuka hata viwango vyake vibaya vya zamani, hiyo si dadu tena. Na kumuuliza mtu hali yake hakuhitaji takwimu, hilo nilipaswa kulijua bila Galton.

Tangu hapo nina daftari. Kabla ya uamuzi wowote mzito naandika mistari minne: natarajia nini, kwa sababu gani, kitaonekana lini, na nikiona nini nitakubali kwamba nimekosea. Huo wa nne ndio unaouma kuandika. Nikiukosa, naahirisha uamuzi.

Mwezi uliopita nilifungua ukurasa wa uamuzi ambao nimekuwa nikijisifia kwa watu. Nilitarajia mafanikio na mafanikio yalikuja, kwa wakati niliousema. Kisha nikasoma mstari wa pili. Sababu niliyoandika haikutokea. Kilichoniokoa ni kitu ambacho hakimo kabisa kwenye ukurasa. Pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu: 6, usiipongeze.