Muulize Anti: Mkorea kajipaka masizi, nicheke au ninune?

Shikamoo Anti. Mi naishi Makorora hapahapa Tanga na ni mgonjwa wa sizoni za Kikorea, nyumbani wananiita Mkorea kabisa. Juzi nimetumiwa klipu, sio ya sizoni, ni ile komedi yao ya stejini watu wamekaa wanacheka, mdada kajipaka weusi mwili mzima kavaa kama ati ndo mtu wa kabila la Afrika, basi ukumbi mzima hoi. Roho iliniuma. Kaka angu akaniambia nisijitie hasira za Wamarekani, Wakorea hawana historia na watu weusi, hawajui, kila nchi na mila zake, halafu ati sisi wenyewe tukimwona Mchina mjini tunavuta macho na kuongea ching-chong na hakuna anayetuita wabaguzi. Tumebishana mpaka mama kazima TV. Nani yuko sahihi? — Mkorea wa Makorora

Marahaba mwanangu, na mama umpe salamu zangu kwa kuzima hiyo TV.

Ulivyoisimulia inafanana na ile ya Aprili 2017 ya stesheni ya SBS, mchekeshaji anaitwa Hong Hyun-hee, maana hiyo ndo ilitembea sana. SBS wakaifuta wakaomba radhi. Lakini utamu wa habari uko kwenye yaliyofuata, maana yule Sam Hammington, Mzungu wa Australia anayefanya komedi Korea kwa Kikorea, aliandika kwa hasira kwamba ni aibu na mtaendelea kuwadhalilisha weusi mpaka lini, halafu akatoka mchekeshaji mwingine, Hwang Hyun-hee, Mkorea, akamjibu kwamba anakuza mambo, mbona zamani tulikuwa na komedi za hivi watu wakazipenda, na zile pia tuziite ubaguzi? Kwa hiyo we na kaka ako mlikuwa mnarudia ugomvi ambao Wakorea wenyewe walishagombana Seoul. Ndo maana mi huwa naguna nikisikia mtu anasema "mila za Kikorea zinaruhusu", mila gani hiyo ambayo wenye mila wenyewe wanatoana macho juu yake?

Sasa hiyo "komedi ya zamani" aliyoisema Hwang ndo nataka umpelekee kaka ako. Kwenye miaka ya 1980 stesheni nyingine ya Korea, KBS, walikuwa na kipande kinaitwa Sikeomeonseu, wanaume wawili, Lee Bong-won na Jang Doo-seok, wanajipaka weusi tii, wanaimba kwa mashairi ya harakaharaka na kucheza. Kilipendwa mno, watoto wanakiiga mitaani. Kikaja kuondolewa hewani 1988. Unajua 1988 kulikuwa na nini? Olimpiki ya Seoul. Wageni wa dunia nzima wanakuja, wakubwa wakaona hapana hii itatutia aibu. Sasa muulize kaka ako, mtu asiyejua kwamba kitu kinaumiza anakificha kwa nini wageni wakikaribia? Hutoi uchafu sebuleni kabla ya hodi kama hujui kuwa ni uchafu. Ile "hawajui" ingeweza kuwa na kaukweli kabla ya hapo, baada ya 1988 mi siinunui.

Na haikuisha, maana Januari 2012 kina mama wawili wa kipindi cha stesheni ya MBC wakajipaka weusi na kujichora midomo mikubwa kumwigiza Michol, huyu ni mtu wa kwenye katuni ya Dooly, ile ya dinosa mtoto ambayo kila Mkorea kaikulia. Intaneti ikawaka, MBC wakaomba radhi. Miaka mitano baadaye ndo hiyo ya SBS. Mwaka huohuo 2017 na kundi la wadada Mamamoo nao wakajipaka wakimwigiza mwimbaji wa Marekani Bruno Mars, radhi tena. Yaani radhi zao zimekuwa kama bili ya maji, inakuja, inalipwa, mwezi ujao inakuja nyingine.

Kuhusu historia, kaka ako ana haki kidogo, masizi hayakuota Korea. Ni Wamarekani weupe waliofanya biashara nayo toka miaka ya 1830, wanajipaka makaa ya kizibo wanaigiza mtumwa mjinga mwenye furaha, na Waingereza wakaipokea, BBC walikuwa na kipindi kizima cha hivyo toka 1958 mpaka 1978, miaka 20 familia zinakula chakula cha jioni zinaangalia! Kwa hiyo Mzungu akija leo kumfundisha Mkorea adabu nami najichekea kidogo. Ila hilo linamfanya Mkorea awe mrithi, halimfanyi awe hana habari. Ukirithi jambia la mtu likakata mtu mwingine, damu itatoka vilevile.

Sasa tuje kwetu, maana we ni mtoto wa Tanga na utani unaujua. Umeshaenda msiba wenye watani? Mtani anavaa kanzu ya marehemu, anashika na bakora yake, anatembea vilevile kwa kuchechemea, anakohoa kikohozi chake kilekile, wafiwa machozi yanawatoka na kicheko kinawatoka, halafu analizuia jeneza njiani hataki lipite mpaka apewe hela. Mtu wa nje akiona atasema hawa watu hawana utu. Kwa hiyo ndio, viwango vinatofautiana kati ya watu na watu, hilo mi sikatai hata kidogo, na ukimleta Mkorea kwenye huo msiba atakimbia. Lakini angalia utani una nini ndani yake. Mtani anamjua huyo anayemwigiza, alikula naye. Na kesho ukifika msiba wa upande wao zamu ni yako, utamfanyia hayohayo na hana ruhusa ya kununa. Mpare anamwambia Mchaga mwizi, Mchaga anamwambia Mpare bahili, wote wana midomo, wote wapo barazani. Yule "Mwafrika" wa pale stejini SBS hakuwepo kujibu. Walioigizwa hawakuwemo ukumbini, na mmoja wao akijitokeza kujibu inakuwaje?

Tunajua inakuwaje maana alijitokeza. Sam Okyere, Mghana, alienda Korea 2009 kusoma, akajifunza lugha, akawa nyota kwenye kipindi cha stesheni ya JTBC cha wageni wanaobishana kwa Kikorea, akapendwa mpaka basi. Agosti 2020 wanafunzi wa sekondari moja ya Uijeongbu, ambayo ina desturi ya picha za mahafali za vichekesho, wakaiga wale Waghana wabeba jeneza wanaocheza, wakajipaka nyuso weusi. Okyere akaposti kwamba hii kwetu weusi inaumiza, jamani tuelewane. Weee! Alipondwa yeye. Ati anawaaibisha watoto, ati kaandika kwa Kiingereza maneno makali kuliko aliyoandika kwa Kikorea, wakachimba na klipu yake ya zamani amevuta macho kwenye kipindi, hee, na wewe si mbaguzi? Akaomba radhi Agosti 7, na baada ya muda mfupi akatoka kwenye kipindi alichokuwa anafanya. Kuna Wakorea waliomtetea, nisiwaweke wote kapu moja, ila walizidiwa kelele.

Hapo ndo kipimo changu kilipo. Wakati Okyere anachekesha alikuwa mtu wao, siku alipojibu akawa mgeni asiye na adabu. Utani wa upande mmoja hauna jina lingine zuri, kwetu mtu wa hivyo tunamwita mchokozi tu.

Na lile la macho ya Okyere usilikwepe, mwanangu, maana linarudi kwa kaka ako na Mchina wake. Hapo kaka ako kakushika. Mchina muuza vyombo hapo mjini anapita anaitwa ching-chong na watoto na watu wazima wenye ndevu, atajibu nini na Kiswahili chenyewe anaokoteza? Tena hao Wachina na wao, mwezi Februari 2018 televisheni yao ya taifa CCTV kwenye sherehe za mwaka mpya waliweka mchezo kuhusu reli ya Mombasa–Nairobi, mama wa Kichina kapakwa weusi kawekewa na makalio ya bandia ati mama wa Kikenya, pembeni yuko nyani. Wakenya walichukia na walikuwa na haki. Ila ile haki ya kuchukia na haya yetu ya barabarani viko kwenye mzani mmoja. Kosa la kaka ako ni kutumia dhambi yetu kuisafisha yao, ukijumlisha machafu mawili hupati kisafi. We una haki asilimia kubwa, yeye ana haki kwenye kipande hicho kimoja, na wote wawili mwombeni mama rimoti.

Anti asalaam aleikum. Sisi ni Waarabu wa Ngamiani toka enzi za babu, binti yangu aliniita tuangalie wote sizoni ya Kikorea, King the Land, kwenye simu, tunafurahia, mara kaingia mwana wa mfalme wa Kiarabu, mlevi, yuko klabu kazungukwa na wanawake, anamkodolea dada wa watu macho. Nikamwambia zima. Yeye anasema mama ni vichekesho tu, ni nchi ya kubuni. Nimezidisha? — Mama Nassor

Waaleikum salaam dada. Hujazidisha, na hukuwa peke ako. Hiyo ni ya Julai 2023, JTBC, na watazamaji wa nchi za Kiarabu walikuja juu kweli. Stesheni kwanza ikasema hayohayo ya binti yako, wahusika na nchi ni vya kubuni. Haikukubalika, ikabidi waombe radhi rasmi kwamba hawakuwa makini na utamaduni wa watu wengine. Kichekesho ambacho hawakukikusudia ni kwamba huyo Mwarabu mwenyewe kaigizwa na Anupam Tripathi, Mhindi, yuleyule aliyekuwa Ali Mpakistani kwenye sizoni ya Squid Game. Yaani kwao Mhindi, Mpakistani, Mwarabu ni mtu mmoja anabadilishwa kilemba.

Ntakwambia kitu kilichobadilika lakini. Zamani komedi ya Korea ilikuwa ya kuliwa nyumbani. Mwaka 2004 KBS kulikuwa na mchekeshaji Jung Chul-kyu akijifanya Blanca, kibarua wa Sri Lanka, analalamika kwa Kikorea kilichovunjika kwamba bosi ni mbaya, nchi nzima ikaurudia huo msemo. Huyo hata mi nampa nusu maksi, maana aliyekuwa anachomwa mle ni tajiri wa kiwanda Mkorea, japo lafudhi ya mgeni ndo ilikuwa chumvi ya kicheko. Lakini mtu wa Sri Lanka aliyebaki kwao angeiona wapi? Leo unaiona we Ngamiani kabla ya kulala. Wanauza kwetu, wanakula hela ya bando zetu, sasa "ni ya ndani kwetu" haiwezi kuwa jibu tena. Na ndani kwao kwenyewe kumebadilika, kuna kijana mwanamitindo Han Hyun-min, kazaliwa 2001, mama Mkorea baba Mnaijeria, Kikorea ndo lugha yake. Huyo ukimchekea unamchekea Mkorea mwenzio. Sheria ya kukataza ubaguzi ilipelekwa bungeni kwao mara ya kwanza 2007, mpaka leo haijapita, kwa hiyo kelele za watazamaji ndo zimebaki kufanya kazi ya sheria.

Binti usimkataze sizoni, ataenda kuziangalia chooni. Angalieni wote, na akitokea Mwarabu wa ovyo mwambie kwa sauti babu yake alikuwa mtu wa namna gani.

Anti, mimi ni mwalimu wa sekondari. Kidato cha nne wanaandaa igizo la mahafali, wana kipande cha mtalii Mzungu (watajipaka unga) na Mhindi mwenye duka anayeongea "veve nataka nini". Wazazi wa Kihindi watakuwepo. Niache au nikate?

Mwalimu, unga mi haunikoseshi usingizi, Mzungu hajawahi kunyimwa nyumba ya kupanga kwa sababu ya weupe, na wakati wa kucheka igizo atakuwa anapiga picha. Ila waambie wanafunzi unga unaingia machoni na kwenye pua, na ukumbi wenu hauna feni.

Kipande cha Mhindi kilivyo sasa kikate. Kuna wanafunzi wa Kihindi hapo darasani? Waite, wape kipande wakiandike wao, na uwape ruhusa ya kumwigiza na mteja Mswahili anayekopa sukari toka Ramadhani iliyopita halipi na akidaiwa anapita barabara ya nyuma. Wakikubali, nina uhakika mwenye duka hatakuwa ndo anayechekwa zaidi. Wakikataa, mna wiki ngapi za mazoezi zimebaki? Wekeni kipande cha mwalimu wa nidhamu, huyo yupo, ana mdomo, na ana fimbo.