Mike Tyson alitumwa na nani?

SWALI: Nimeandika uhakiki wa Ip Man 3, filamu ya Kikantoni ya kung-fu, nikasema "ina utofauti mkubwa wa watu na imewawakilisha watu weusi kupitia Mike Tyson". Rafiki yangu anasema "utofauti" si Kiswahili sanifu. Ni kweli? Msomaji, Morogoro

JIBU: Rafiki yako ana hoja, ila amevua dagaa akaacha papa. "Tofauti", tuliyoipata kutoka Kiarabu, tayari ni nomino. Haina haja ya kuvishwa u-. Tena inaeleza kinachowatenga watu. Ukitaka kusema wapo wa kila namna, kuna "mbalimbali" na "anuwai", na wataalamu wana "uanuwai" wao. Lakini "utofauti" nimeukata kwenye miswada miaka na miaka na bado unarudi. Nimechoka nao. Upite.

Nisichokubali kipite ni hicho "imewawakilisha". Siku hizi kila filamu, kila tangazo, kila bango lenye sura za rangi mbili linasemwa "limewakilisha". Kuwakilisha kumetokana na wakili, mtu aliyepewa idhini aseme au atende kwa niaba ya mwingine. Zanzibar wana Baraza la Wawakilishi kwa sababu kuna wapiga kura waliowapeleka pale. Sasa nijibu: Mike Tyson alitumwa na nani?

Tazama anachofanya. Filamu hiyo ya mwaka 2015 imeongozwa na Wilson Yip, na hadithi yake ni ya Hong Kong ya 1959, chini ya Waingereza. Tyson ni Frank, mfanyabiashara wa kigeni anayetaka kiwanja cha shule na anatumia wahuni kukipata. Ip Man, bingwa wa kung-fu anayeigizwa na Donnie Yen, anamfuata ofisini. Frank anampa sharti: ukinistahimili dakika tatu, nakuachia. Ngumi nzito za ndondi zinakutana na mikono ya haraka ya Wing Chun, mtindo wa kung-fu wa Ip Man, dakika tatu zinakwisha bila mshindi, na Frank anatimiza ahadi. Ni mnyang'anyi mwenye kutunza neno lake. Hicho ndicho cha kuandikia, na jina lake ni usawiri, yaani jinsi mhusika anavyochorwa. Nani aliyesoma fasihi sekondari asiyekutana na swali la "usawiri wa mwanamke"? Mbona tukishatoka darasani neno zuri hivi tunalitupa?

Ukisema "imewakilisha", umehesabu sura na kufunga daftari. Ukijiuliza "amesawiriwaje", utalazimika kutazama. Mtazame yule bondia wa Kithai anayemvamia Ip Man kwenye lifti, Ip Man akiwa na mkewe Wing-sing, ambaye ni mgonjwa. Mume anamkinga mkewe kwa mwili wake, anamtoa adui nje, wanapigana kwenye ngazi kushuka chini huku lifti nayo ikishuka na mama wa watu ndani. Onyesho limepangwa kwa ustadi mkubwa. Lakini Mthai huyo hatajwi hata jina. Kwa hesabu ya uwakilishi, Thailand imo. Kwa usawiri, ameletwa mateke matupu. Wing-sing, kwa upande wake, anapewa saratani, ukimya, hasira na mapenzi, mpaka mumewe anaacha pambano la kugombea heshima ili awe naye. Mhakiki anayesema tu kwamba "wanawake wamewakilishwa" amemdhulumu mwigizaji Lynn Hung, na amemdhulumu msomaji pia.

Neno uwakilishi lina mahali pake. Litumie ukiuliza nani aliandika hadithi, nani aliongoza, nani alikaa mezani walipoamua Mthai awe nani na aseme nini. Huko ndiko watu huwa na wa kuwasemea au kuwakosa.

Sentensi yako iandike hivi: "Filamu ina wahusika wa asili mbalimbali, Frank amesawiriwa kama mnyang'anyi mwenye kutunza ahadi, ilhali bondia wa Kithai hakupewa nafsi yoyote." Na ukitaka kuuacha "utofauti" wako mahali pengine kwenye uhakiki huo, sitakufuata.