Kung'arisha chuma kwa leza: maswali ya mafundi

Je, leza inakwangua chuma kama msasa?

Hapana. Msasa unaondoa chuma, leza inakihamisha. Mwale huyeyusha ngozi ya juu tu, kisha mvutano wa uso wa kimiminika huvuta vilima vijaze mabonde kabla chuma hakijaganda. Leza inayowaka mfululizo huyeyusha kina cha mikrometa (sehemu za elfu za milimita) 20 hadi 200 hivi. Ya mapigo mafupi ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde), mikrometa chache tu.

Nimeongeza nguvu ya leza kwenye kalibu ya chuma, lakini uso umezidi kuwa na mawimbi. Nifanye nini?

Punguza, na kabla ya hapo pima. Kinachoamua kila kitu ni umbali kati ya kilima na kilima kwenye uso ulioanza nao. Alama pana zilizoachwa na mashine ya kukatia zinahitaji kina cha kuyeyuka cha kutosha. Ukizipiga kwa mapigo mafupi, utapata mawimbi yaleyale, ila sasa yanang'aa. Ukizidisha joto, nako, kimiminika kinaanza kutiririka kutoka katikati penye moto mkali kwenda pembeni, na mtiririko huo unaganda ukiwa na mikunjo mipya. Hiyo ndiyo uliyoiona.

Chukua kipande cha chuma kilekile. Badilisha nguvu peke yake, kisha kasi peke yake. Mistari ya mwale ipandane vizuri, na mzunguko wa pili ukate wa kwanza kwa nyuzi 90. Halafu kiinamishe chini ya taa ndefu ya tyubu, uangalie taswira ya taa hiyo: ukingo wake ukiyumba, mawimbi yapo, hata kama kipimo cha Ra (wastani wa ukwaruzo wa uso) kinakupa namba nzuri. Ra huchuja mawimbi marefu, mara nyingi yale yanayozidi milimita 0.8, kwa hiyo nawasihi msiitegemee peke yake.

Titani yangu imetoka ya bluu. Ni urembo au kasoro?

Ni kasoro. Oksijeni imefika kwenye chuma cha moto. Rangi ya majani makavu ni dalili ya mwanzo, bluu ni mbaya zaidi, kijivu au unga mweupe ndiyo mbaya kabisa: ngozi imekuwa ngumu na inaweza kupasuka. Fanya kazi ndani ya kisanduku kilichojaa gesi ya agoni. Usipulize gesi kwa nguvu, maana mkondo mkali huvuta hewa ya nje ndani.

Nitegemee ulaini gani?

Taasisi ya Fraunhofer ILT ya Aachen, Ujerumani, imefikisha chuma cha kalibu aina ya 1.2343 kwenye Ra ya mikrometa 0.07 hadi 0.15. Kwa mng'ao kama wa kioo unaotakiwa kwenye kalibu ya lenzi, mkono wa fundi na unga wa almasi bado unashinda. Chuma chenye salfa nyingi kitatoboka vishimo; kiache.

Mashine yangu ya leza ya kuondolea kutu inaweza kazi hii?

Siishauri. Ile imeundwa kurusha kutu, na mkono hauwezi kushika kasi na umbali bila kuyumba. Pia, mwale wenye urefu wa mawimbi ya mwanga wa nanomita 1,064 hauonekani, lakini unapenya hadi kwenye retina. Kofia ya kuchomelea haitoshi. Vaa miwani iliyoandikwa urefu huo wa mawimbi.